Konzi ya Kila Asubuhi

Kaka Elia,

Ni mimi Safari, mlisha samaki wa maabara yako, yule uliyemwita Profesa wa Ndoo. Nimezunguka Bujumbura, Nairobi hadi Brussels kabla ya kufika huku kwa Waswidi, nimechekesha polisi wa mipaka mitano, lakini barua hii nimeichana mara tatu.

Matanga yako tuliyafanya huku huku, mtaani Jakobsberg. Sisi Wakongo tuliimba, Watanzania wenzako wakapika pilau, mkeo Mama Neema hakula. Wiki nzima sikukanyaga maabara. Mama mmoja Mswidi akawalisha samaki badala yangu, akipima kama ulivyoandika, bila kuongeza.

Niliporudi, Kaka, ndani ya tangi, chini kabisa, kulikuwa safi. Hakuna punje hata moja iliyobaki. Chakula chako kipya ulichobuni, cha kome na hamira, wamekila chote!

Nikakaa sakafuni, kwenye maji vile vile.

Maana ni mimi. Miezi yote ile ukichota mabaki na kusema, "Safari, wanakikataa," walikuwa wameshiba. Kila asubuhi kabla hujafika niliwatupia konzi ya kile chakula cha zamani, cha unga wa samaki. Wakiona kivuli changu walipanda juu, midomo wazi, nami nikaona njaa. Kwetu Uvira huwezi kumwacha anayekutazama hivyo. Na mdomo wangu mkubwa huu haukukuambia. Nilidhani ni kitu kidogo... kitu kidogo, Kaka.

Ulinieleza mara ngapi? "Tunavua samaki baharini, tunawasaga, tunalisha samaki. Yanayobaki yanaoza, yanachafua maji. Akili hiyo, bwana?" Nikajibu darasa langu la sita halikufika huko. Ulicheka mpaka miwani ikatumbukia tangini.

Siku ile ya mwisho ulivaa koti, ukasema tu, "Basi, nimeshindwa." Moyo wako ukasimama ndani ya treni, kabla ya kituo cha Vällingby. Neno hilo ndilo uliloondoka nalo.

Hukushindwa. Nilikuangusha mimi.

Leo nimemweleza yote mkuu wa maabara, kwa Kiswidi changu cha kuungaunga. Kisha akasema jaribio lako litarudiwa, na akanyoosha mkono nimpe funguo zangu za maabara. Nimempa.

Jumapili nakwenda kwa Mama Neema. Naye anaamini ulishindwa. Nitamwambia mwenyewe, bila mzaha. Akinifungia mlango, nitasimama ngazini mpaka anisikie. Hilo nakuahidi.

Kwaheri, kaka yangu. Pumzika na ushindi wako.

Safari