Mizani Iliyochomolewa

Jumanne, jioni

Waya wa mizani ulikuwa mkononi mwangu, nimeshauchomoa, na bado skrini ya kompyuta ilionyesha kilo. Tena zilikuwa zinabadilika: tatu, tisa, sita. Juu ya mizani hapakuwa na samaki hata mmoja.

Mama Neema, mwenye duka hili la samaki sokoni, alirudi nyuma hatua moja. "Baba Juma, nani anapima?"

Hakuna anayepima. Kosa ni langu, na linaniudhi kwa sababu nilijua. Draiva niliyoandika mimi, ile programu inayokaa ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta na kuzungumza na mizani, inaachia nafasi ya mizani kwenye kumbukumbu ya kompyuta mara tu waya unapotoka. Lakini programu ya mauzo bado imeshika anwani ya pale pale, inaendelea kuuliza. Nikamweleza hivyo.

"Sasa anayejibu ni nani?"

"Yeyote aliyepewa nafasi ile baadaye."

Nilidhani atacheka. Hakucheka.

Nimerekebisha. Sasa nafasi hiyo haiachiwi mpaka wote walioishika waiachie, na anayeuliza anaambiwa wazi kwamba kifaa hakipo. Nimechomoa waya mara kumi. Skrini ikasema hivyo mara zote kumi.

Neema, mwanawe, tulimzika kwenye makaburi ya Bagara kabla ya mvua. Mama yake tunaendelea kumwita vilevile, ndiyo desturi, sikuwahi hata kuifikiria.

Wakati wa kuondoka nikamwambia, "Haya, Mama Neema, mimi naenda."

Aligeuka kwanza akaangalia nyuma yake, kana kwamba nimemwita mtu mwingine. Ndipo akaitika.