Shafti Iliyofungwa Vibaya na Barua Niliyoiandika Mimi

Mikumi, Jumamosi jioni. Jua limechoma tangu saa tatu asubuhi, na vumbi la malori limenijaa mpaka kwenye meno. Nimeoga mara mbili. Grisi bado iko chini ya kucha na hasira bado iko palepale.

Leo sitaandika kwa adabu. Anayetaka adabu asome makala yangu ya wiki iliyopita, niliyoandika habari za mboga.

Guta letu ni pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi nyuma. Kikundi chetu cha akina mama hulitumia kubeba nyanya na mpunga kutoka Masanze kuleta huku Mikumi, na siku nyingine tunafika nalo Kilosa mjini. Halina mnyororo. Nguvu ya injini inakwenda nyuma kwa shafti, chuma kirefu cha mviringo kinachozunguka chini ya bodi. Kila ncha ya shafti ina uma wa vidole viwili, na kila uma umeshikwa na krosi, kale kachuma kenye umbo la msalaba kanakoiruhusu shafti kukunjika kidogo guta likiruka mashimo. Mwaka mzima nililipanda bila kujua haya. Sasa nayajua, na ningependa kurudi kutoyajua.

Mimi ni katibu wa kikundi. Naandika mihtasari, natunza funguo, napiga picha kila kitu. Wenzangu hunicheka, eti Katibu akiona sufuria jipya lazima alipige picha kabla halijapikiwa. Wacheke tu.

Miezi miwili iliyopita guta lilianza kugonga, ko, kila lilipoondoka. Tukalipeleka kwa Mjomba Daudi. Ni kaka wa mama yangu, fundi anayeheshimika kuliko wote upande wetu wa barabara, na ndiye aliyenifundisha nikiwa darasa la nne kutofautisha spana namba kumi na namba kumi na mbili kwa kushika tu. Alilala chini, akaweka gia huru, akaishika shafti kwa mikono miwili na kuizungusha huku na huku. Ikacheza. Kando ya krosi ya mbele kulikuwa na unga mwekundu wa kutu. Akanionyesha kwa kidole, akasema unga huo maana yake krosi imekauka, haijaonja grisi tangu itoke dukani. Alikuwa sahihi. Nataka liandikwe kwamba siku ile alikuwa sahihi. Kupaka grisi ilikuwa kazi yetu sote, kwa hiyo hakuna aliyeipaka.

Kisha akaitoa shafti nzima na kuichomoa. Shafti ni vipande viwili, kimoja kinaingia ndani ya kingine kwa meno ili iweze kurefuka na kufupika. Kabla hajachomoa nilishapiga picha yangu kama kawaida. Nilimsikia pia dereva wetu, Maduhu, akiuliza kwa sauti ya chini kama tusiweke alama ya chaki kwanza.

"Dereva, kazi yako usukani," mjomba alimjibu bila kugeuka.

Maduhu ni Msukuma. Familia yao ilihamia huku na ng'ombe wao yeye akiwa mdogo. Ana mke na binti mmoja, na ni mtu wa maneno machache. Mjomba akaosha vipande kwa petroli, akavifuta kwa tambara, akavirudisha, akaweka krosi mpya, akafunga.

Tangu siku ile guta likawa linatetemeka. Likishika gia ya tatu, nyayo zinaingia ganzi. Maduhu aliniambia mara mbili. Nilimfikishia mjomba, akasema ni barabara, kwani wewe unaona lami hapo Masanze? Nikasema ndiyo mjomba. Baada ya wiki tatu krosi ikafa. Akaweka nyingine. Hiyo nayo, siku guta lilipojaa nyanya, ilipasuka njiani. Shafti ikadondoka upande wa mbele, ncha ikachimba udongo, guta likanyanyuka nyuma kama punda anayepiga teke. Maduhu akarushwa. Bega la kulia lilitoka.

Tukaitisha kikao. Mjomba aliitwa kama mtaalamu, akakaa kwenye kiti chenye mto.

"Krosi tatu kwa miezi miwili!" alisema. "Huyu anaendesha guta kama anaswaga ng'ombe."

Watu wakacheka.

Nilicheka na mimi.

Barua ya kumsimamisha Maduhu niliiandika kwa mkono wangu, kwa ule mwandiko wangu mzuri ninaojivunia, nikaandika "uzembe" na kupigia mstari. Nikampelekea kwake. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kwa khanga ya mkewe na kuning'inizwa shingoni. Alinyoosha wa kushoto, akasita, akaurudisha nusu.

"Samahani dada katibu," akasema, "napokea kwa kushoto."

Nikamwambia hapana shida. Tumemvunjia mtu kazi yake, halafu yeye ndiye anayeomba radhi kwa mkono anaopokelea! Na mimi nikaipokea ile radhi, nikaondoka nayo, nikaenda kula chakula cha mchana.

Kesho ni kikao cha mwisho, cha kuamua aondolewe moja kwa moja. Ajenda nimeiandika mimi.

Sasa ya leo. Tangu Maduhu asimamishwe, guta naliendesha mimi. Asubuhi nilikwenda Masanze bodi ikiwa tupu, krosi ikiwa mpya kabisa, aliyoiweka mjomba baada ya ajali, na niliendesha kama nimebeba bibi harusi. Nilikuwa nimeweka chupa ya maji kwenye bodi. Gia ya kwanza maji yametulia. Ya pili yametulia. Ya tatu yakaanza kuchemka bila moto, na nyayo zangu zikaingia ganzi.

Dereva sasa ni mimi. Nani anaswaga ng'ombe?

Nikasimama kando, nikaweka mawe kwenye magurudumu, nikaingia chini. Matairi yako sawa. Bolti zote zimekaza. Nikaishika shafti na kuizungusha kama mjomba alivyonionyesha, haichezi hata kidogo. Mafuta ya difu, lile bonge la gia katikati ya magurudumu ya nyuma, hayavuji. Nikabaki nimelala chali naiangalia tu, na ndipo nikaona kwamba uma wa mbele umelala na uma wa nyuma umesimama. Nikajiuliza kama ndivyo ilivyokuwa. Nikatoa simu, nikaipiga picha. Nilipekua picha za vikao, picha za sufuria, picha za miguu yangu mwenyewe, mpaka nikafika siku ile ya kwanza kwenye gereji ya mjomba.

Kwenye picha ya siku ile uma zote mbili zimelala, zimelingana kama watoto wawili kwenye mkeka mmoja.

Nilipiga kelele peke yangu barabarani. Nyani waliokuwa ng'ambo wakakimbia.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mjomba. Alikuwa na wateja wawili wamekaa kwenye benchi. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, guta linasemaje? Nikampa simu. Alivaa miwani. Alikipangusa kioo cha simu kwa kidole gumba, akidhani labda ni uchafu. Akaangalia kwa muda mrefu. Nilijua ameelewa kwa sababu mkono wenye spana ulisimama hewani. Akanivuta nyuma ya gereji, kwenye matairi mabovu.

"Mama yako ameiona hii?"

"Bado, mjomba."

"Ifute. Shafti nitairekebisha Jumatatu, kimyakimya."

"Na Maduhu?"

"Huyo bado kijana, atapata kazi kwingine. Mimi jina likivunjika umri huu nalijenga na nini?"

Sauti yake ilitetemeka. Nimemjua mjomba maisha yangu yote na sijawahi kuisikia hiyo sauti. Ningependa kusema nilimjibu. Kichwani nilikuwa na maneno mengi, mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, na mengine ambayo mama asingependa kuyasoma hapa.

Nilisema ndiyo mjomba.

Mdomo ulisema wenyewe, kama unavyoitikia karibu mtu akibisha hodi. Nimelelewa hivyo. Sote tumelelewa hivyo, na leo nimeichukia adabu yangu, kwa sababu haikunisaidia kumheshimu mtu yeyote. Maduhu ni mtu pia. Mkewe ni mtu. Heshima gani hii inayopanda juu tu, haijui kushuka?

Nikawasha guta nikaenda kwa Maduhu, nje kidogo ya mji. Nilimwonyesha picha kabla hata ya kukaa. Akaiangalia, akapumua kwa pua, akairudisha.

"Uma zote mbili zinatakiwa zilingane," akasema. "Ncha moja ikivuta, nyingine inatuliza. Zikipishana, zote zinavuta, krosi inakufa." Aliwahi kuendesha trekta kwenye mashamba ya mpunga, na fundi wa kule hakuruhusu mtu achomoe shafti bila kuichora kwanza.

Nilimuuliza kwa ukali kwa nini hakusema. Nilimfokea yeye, jamani. Mtu mwenye bega bovu.

"Nilisema mara moja, dada katibu. Mtu mzima akishakujibu vile, unarudia vipi?"

Nikaomba spana.

Tulifanya kazi hadi jua likaanza kulegea. Yeye alichuchumaa kando na mkono wake kwenye khanga, akiniambia la kufanya. Mimi nilikuwa chini nikila mchanga. Bolti nne za nyuma, taratibu, nikiibeba shafti kwa goti isiniangukie usoni. Nikaichomoa. Nikasogeza meno mpaka uma zikalingana, nikamwita aangalie, akasema bado jino moja. Kweli lilikuwa jino moja. Mkewe alileta rangi yake nyekundu ya kucha, nikachora mstari mmoja unaovuka vipande vyote viwili ili kesho na keshokutwa asije mwingine akasema hajui. Tukapaka grisi kwenye meno. Tukasukuma grisi kwenye krosi zote mbili mpaka ile ya zamani ikatoka pembeni na mpya ikaonekana.

Kisha nikaliwasha, Maduhu akakaa pembeni yangu, chupa ya maji kwenye bodi na binti yake kando ya chupa, akiikodolea macho tu. Gia ya kwanza. Ya pili. Ya tatu, nikaongeza mafuta zaidi ya nilivyothubutu wiki nzima. Nyayo zangu zilikuwa zangu. Mtoto akapiga kelele kutoka nyuma kwamba maji yamelala.

Nilidhani Maduhu atafurahi. Aliangalia mbele tu mpaka tukarudi uani.

"Ile barua uliiandika kwa mkono wako," akasema akishuka. "Ya kuifuta nayo iandike kwa mkono huohuo. Usiniletee maneno ya mdomo."

Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga.

Basi nimeiandika. Iko hapa mezani, mistari saba, bila mwandiko wa kujivunia. Wa kwanza unasema mimi katibu nilimwandikia mtu uzembe bila kuchunguza, wakati ushahidi ulikuwa kwenye simu yangu mwenyewe. Wa pili unasema nilicheka. Jina la mjomba linakuja mstari wa nne, na nimeliandika kama lilivyo, kwamba alipatia ugonjwa wa guta akakosea kufunga, na kwamba kila fundi anaweza kukosea kufunga. Kosa la chuma ningemsamehe kabla ya chai. Hilo lingine, la kumwacha mtu abebe lawama isiyo yake, bado sijalisamehe, na sijui kama nitalisamehe wiki hii.

Picha sijaifuta. Nilipitia stesheneri kabla hawajafunga, ikatolewa kwenye karatasi kubwa, uma zote mbili zinaonekana. Pembeni nimeweka ya leo asubuhi. Hata asiyejua krosi ni nini ataona tofauti.

Ninaogopa. Mama atakuwa amekaa karibu na kaka yake. Yule mzee alinibeba mgongoni siku tuliyomzika baba, mimi sikumbuki ila nimeambiwa mara mia. Nikimfikiria kwenye kile kiti chenye mto, naanza kutafuta neno laini la kuweka mahali pa jina lake. Halafu nakumbuka ule mkono wa kushoto uliorudi nusu, na hasira inanishika tena.

Kesho saa tisa nitaingia. Nitapiga goti mbele ya mjomba kama alivyonilea, nitasema shikamoo, nitasubiri marahaba yake mpaka iishe. Kisha nitasimama nisome. Akiniambia nikae, safari hii sitasema ndiyo mjomba.

Nikimaliza, barua nitampa Maduhu kwa mikono miwili. Yeye aipokee kwa mkono wowote alio nao.