Vitu vya Baba, Msibadilishe

Mshauri mpendwa, nakuja kwako nikihitaji msaada, na nakuomba usicheke kabla hujafika mwisho, maana ukisoma mistari ya juu utaona mtu mzima wa miaka hamsini na mbili anaulizia michezo ya nyumbani wakati wenzake wanakuandikia kuhusu talaka na mirathi. Mimi ni fundi umeme, nina mke ambaye ni mwalimu wa chekechea, na watoto watatu, wa kwanza msichana wa miaka kumi na saba, wa kati mvulana asiyependa kusema, wa mwisho msichana wa miaka saba ambaye mdomo wake hauna breki, na nyumbani kwetu tuna mchezo mmoja tunaouita Sinia, tumeucheza kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana tangu huyo wa kwanza alipoanza kuhesabu.

Mchezo wenyewe ni rahisi, vitu kumi na viwili vidogovidogo vinapangwa juu ya sinia, unaviangalia huku wenzako wanahesabu mpaka ishirini, sinia linafunikwa kwa kitambaa, halafu unataja ulivyoviona, na kila mtu anapangiwa vyake ili asiige vya mwenzake. Niliuleta mimi, nami niliupata kwa fundi aliyenifunza kazi, alikuwa anatandaza vifaa kwenye gunia, anavifunika, ananiuliza, akisema fundi asiyejua kilichotoka kwenye mkoba wake ataacha bisibisi ndani ya ukuta wa watu, na mimi nilikuwa sikosi hata kimoja, ndiyo maana watoto wakanipa jina Kamera, na sasa mtaa mzima unaniita Kamera.

Shida ilianza mwaka huu, miezi michache baada ya kuteleza kwenye ngazi kazini, jambo dogo tu, niligonga kichwa nikainuka mwenyewe nikamalizia taa zilizobaki, hata nyumbani sikusema, basi nikaanza kukosa kitu kimoja, mara viwili, na Jumamosi moja nikataja vitano nikakwama, mke wangu akasema, "Leo Kamera imeishiwa filamu," tukacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Wiki zilizofuata nikapanda tena, saba, nane, tisa, nikamwambia, "Unaona? Ulikuwa uchovu tu," akasema, "Nilijua, baba watoto," akaenda kukoroga chai ambayo ilikuwa imeshakorogwa.

Jumamosi iliyopita nilitaja tisa, wakanipigia makofi, yule mdogo akauliza, "Baba, mbona wewe unawekewa vilevile kila siku?" Mke wangu akakohoa. Dada yake akamwambia, "We nawe, maliza juisi yako." Nikajifanya sijasikia, nikafungua redio.

Jumapili walipotoka nikalichukua sinia kabatini nikaligeuza, na nyuma yake pamebandikwa karatasi kwa utepe mweusi, ule wangu wa kufungia waya, mwandiko ni wa binti yangu mkubwa, juu kaandika Vitu vya Baba, chini yake kijiko, kufuli, sindano, kizibo cha soda, kipande cha sabuni, mpaka kumi na viwili, na mwisho kabisa ameandika, Msibadilishe. Tarehe ni ya wiki sita nyuma. Mshauri, kwa wiki sita nimeonyeshwa vitu vilevile na sikujua kuwa ni vilevile, na bado nilikuwa nataja tisa. Wala mimi mwenyewe si msafi, maana muda wote huo nilikuwa nikiandika herufi za mwanzo za vitu kiganjani, chini ya meza, kwa hiyo wao walikuwa wananiibia na mimi nawaibia, na wizi wa pande zote mbili ukafika tisa.

Sasa naogopa, na naogopa hata mchana kweupe. Wiki hiyohiyo nilikuwa kwa mama mmoja mshonaji nabadilisha soketi, akaniuliza, "Fundi, umezima kule nje?" nikamjibu, "Nimezima, mama," nikagusa waya kwa testa, testa ikawaka, umeme ulikuwa bado umo. Nikamwambia, "Nilikuwa nakupima kama uko macho," akacheka, akasema, "Wewe fundi una visa," nikatoka nje mpaka kwenye swichi kuu, nikaizima, nikarudi kuikagua mara tatu. Jumatatu ijayo naanza kutandaza nyaya kwenye bweni jipya la wasichana, vitanda themanini.

Tena kuna baba yangu mzazi, marehemu, mwishoni nilipokwenda kumwona alinifungulia mlango akasema, "Karibu fundi, ni ile taa ya ukumbini," nikapanda kiti nikabadilisha balbu, akanishukuru sana, akanisindikiza mpaka getini kama mgeni. Nawaangalia watoto wangu najiuliza ni yupi nitakayeanza kumwambia, "Karibu mgeni."

Kwa hiyo ombi langu ni hili, naomba unitajie burudani ya nyumbani ambayo familia nzima itaifurahia lakini haimtaki mtu akumbuke chochote, ili Sinia life polepole bila mtu kuuliza. Nimefikiria televisheni kubwa, niitundike ukutani pale juu ya kabati, Jumamosi tuangalie filamu, kwa sababu watu wakiangalia filamu wote wanatazama mbele na hakuna anayemtazama mwenzake. Usiniandike jina. Mke wangu hununua gazeti hili kila Ijumaa na husoma ukurasa wako kwa sauti wakati tunakunywa chai, na sitaki ajue.

Baba wa watatu

*

Baba wa watatu,

Michezo nitakutajia, usiwe na haraka. Nitaitaja mwishoni, kama mtoto anavyopewa pipi baada ya sindano. Kwanza sindano.

Barua yako imefika juzi nami nimeipitisha mbele ya nyingine zote, kwa sababu talaka inaweza kungoja wiki moja na umeme haungoji. Nimeisoma hadithi ya baba yako na balbu ya ukumbini, nikatoka nje kidogo, nikarudi. Pole. Hofu yako ni ya kweli na ina mahali ilipotoka. Sasa nitakugombeza, maana hofu ya kweli haimpi mtu ruhusa ya kuua watu.

Soma tena ulichoandika. Testa imewaka mkononi mwako ndani ya nyumba ya mwanamke aliyekuamini, ukafanya utani. Siku chache baadaye unaketi kuandika barua, na unachoniomba ni filamu za Jumamosi. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio kitamfichua. Wao walidhani kilio hicho kitatoka nyumbani kwa huyo mgonjwa. Chako kinaweza kutoka kwenye bweni la wasichana themanini ambao hawajui hata kama una sinia.

Na hiyo televisheni. Mimi ninayo, naipenda, naibishia taarifa ya habari kila jioni. Ugomvi wangu ni na televisheni inayotundikwa ili kuziba ufa. Nimesoma vitabu vingi na barua nyingi kuliko vitabu, na bado sijakutana na nyumba iliyopona kwa sababu watu wake waliacha kutazamana. Umeyaandika mwenyewe, tena vizuri kuliko mimi: hakuna anayemtazama mwenzake. Hilo uliliita burudani.

Nawashangaa wanaume wa rika letu. Gari likikohoa tunalipeleka gereji siku hiyohiyo. Jino likiuma, mtaa mzima utajua. Lakini kichwa kikisahau, tunatafuta kalamu na kiganja. Nani alitudanganya kuwa akili ni kitu cha aibu, kama nguo ya ndani isiyoanikwa mbele za watu?

Sasa nikuonyeshe ulichokificha hata wewe mwenyewe. Neno "ngazi" umeliandika mara moja tu, katikati ya sentensi ndefu kama reli, ukalipita mbio kama mtu anayempita mdai wake sokoni. Mimi nimerudi kulisoma mara nne. Uliteleza, ukagonga kichwa, ukaendelea na kazi, hukumwambia mtu, na miezi michache baadaye ukaanza kukosa vitu. Mimi si daktari, na mtu yeyote anayejidai daktari gazetini mkimbie. Kwa hiyo nilimpigia simu daktari ninayemwamini, nikamsomea sentensi hiyo. Hakunihubiria. Aliuliza tu, "Huyo mtu bado hajaletwa?"

Akaniambia kuna usahaulifu unaokuja baada ya kichwa kugongwa, kuna wa presha, kuna wa damu kukosa kitu fulani, kuna wa kukosa usingizi. Upo unaotibika, na upo usiotibika ambao watu hujipanga kuishi nao mapema. Wako ni upi? Yeye hajui, mimi sijui, na wewe ndiye unayejua kidogo kuliko wote, kwa sababu umeshajihukumu kwa ugonjwa wa baba yako bila kupimwa hata joto.

Watu wa nyumbani kwako nao wana lao. Wanakupenda, hilo halihitaji shahidi. Lakini binti wa miaka kumi na saba amebeba siri ya baba yake wiki sita, ameiandika, ameibandika, na kwa upendo huohuo anamfundisha mdogo wake kwamba ukiona jambo la hatari unamaliza juisi yako. Mnakohoa, mnakoroga chai iliyokwisha korogwa, mnafungua redio. Katika nyumba hiyo mwenye afya ni mmoja tu, yule asiye na breki, na ndiye mnayemnyamazisha.

Basi fanya hivi, kwa mpango huu.

Leo Ijumaa, kabla ya kitu kingine chochote, nenda hospitali pamoja na mkeo. Ukifika mbele ya daktari, neno la kwanza liwe ngazi. Mpe ile karatasi ya nyuma ya sinia, maana ina tarehe, na hakuna kumbukumbu nzuri kuliko hiyo. Usimwambie "uchovu tu".

Mkiwa kwenye foleni, mpigie simu mkandarasi wa lile bweni. Usimwambie una homa. Mwambie uliumia kichwa, unapimwa, atafute fundi mwingine kwa Jumatatu. Atafoka. Mwache afoke, hasira ya mkandarasi haina volti. Na mpaka daktari aseme vinginevyo, ngazi usiipande, testa usiishike.

Kisha lile litakalokuuma kuliko yote. Kaa na mkeo na binti yako mkubwa, mwandike kila nyumba uliyofanya kazi tangu siku ulipoanguka. Nyumba moja baada ya nyingine, anzia kwa mshonaji, aende fundi mwenzako akague. Utajisikia umevuliwa nguo sokoni. Vumilia. Fundi wako wa zamani alikufundisha kuhesabu vifaa ili usiache bisibisi ndani ya ukuta wa watu. Huenda umeacha kibaya kuliko bisibisi, nenda ukakitoe.

Kesho, daktari akikuruhusu kurudi nyumbani, chezeni Sinia. Nawa mikono kwa sabuni mpaka kiganja kiwe cheupe. Karatasi isome wewe mwenyewe mbele yao, halafu umkabidhi sinia yule mdogo apange vitu anavyotaka yeye, hata kama ataweka soksi. Ukikumbuka vitatu, taja vitatu na unyamaze. Mtoto akiuliza, mjibu. Utaona hawatakufa, na wewe hutakufa.

Haya, pipi yako. Tengenezeni vivuli vya wanyama ukutani kwa tochi, na anayekosea achekwe. Pandeni nyanya kwenye makopo ya rangi, kila mtu na kopo lake, kesi ya nani kasahau kumwagilia isikilizwe Jumamosi. Teganeni vitendawili. Imbeni, hata kama nyote mna sauti za bati. Igizeni siku ya kwanza mlipokutana wewe na mkeo mwalimu, watoto wacheze nafasi zenu, ninyi mkae kitako muone mlivyo. Na yule mvulana asiyependa kusema, mpe betri ya tochi, balbu ndogo na vipande viwili vya waya, umwonyeshe jinsi taa inavyowaka. Betri ya tochi haijaua mtu. Mikono yako ingali inajua kazi, ikabidhi kwa mtu wakati inajua.

Limebaki moja. Unasema hutaki mkeo ajue, halafu unamwandikia mtu ambaye unajua mkeo atamsoma kwa sauti mezani, na ndani ya barua unataja sinia, kabati, utepe mweusi, na jina ambalo mtaa mzima unakuita. Mtu anayetaka kujificha haachi mlango wazi namna hiyo. Nadhani ulichoka kukaa peke yako humo ndani, ukaandika.

Mwalimu, najua ni wewe unayesoma, na nadhani sauti yako ilishabadilika tangu aya ya kwanza. Karatasi ya nyuma ya sinia mumeo ameiona. Na kuhusu ngazi hukuwahi kuambiwa, sasa umeambiwa. Weka gazeti chini, mtazame aliyekaa mbele yako, chukua mkoba wako, mwende sasa hivi. Hiyo chai iacheni hapohapo mezani.