Hukuwa Kwenye Masharti

Kaka Mabula,

Sitakuuliza huko uliko kukoje. Nimekasirika, na nimechoka kukasirika kimoyomoyo mbele ya watu wanaoniambia nimwachie Mungu. Kwa hiyo leo nakuandikia wewe.

Hukuliliwa. Hilo ulijue kwanza. Baba mdogo alisimama mlangoni kwa mama, kule nyumbani Kishapu, akasema, "Hapa hakuna msiba. Aliyejiua haliliwi. Mkimlilia, mnamwita aje kuchukua mwingine." Ukazikwa haraka pembeni ya shamba la pamba. Hakukuwa na turubai, wala masufuria ya majirani, wala mtu aliyelala nje kwenye moto. Na wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kubeba jembe kila jirani alipofiwa! Mama alijiziba mdomo kwa kitenge. Nilikuwa naye chumbani, nikaisikia sauti ikimtokea puani, huku wanaume nje wakizungumzia mvua. Waliouliza waliambiwa ni homa ya ghafla.

Sijawasamehe. Wewe pia sijakusamehe, lakini foleni ni ndefu na wewe si wa kwanza.

Wa kwanza ni wenzako wa machimboni. Tangu duara, lile shimo la kuchimbia, lilipoporomoka na kumfukia rafiki yako Shija, ulibadilika, na kila mchimbaji wa upande ule wa Bugarama aliona. Uliacha kuoga. Uliacha kula na wenzako. Wenzako wakilala, wewe ulikaa juu ya mfuko wa mawe, macho wazi. Redio yako ukampa mpishi, na buti zako ukampa mtu ambaye hata hamkuwa mkielewana naye. Wakasema nini? "Mabula yuko kwenye masharti." Yaani mganga kakupa dawa ya mali, kakukataza kuoga na kula na watu, kakwambia ugawe vidogo ili vije vikubwa. Wakakuheshimu! Wakakupisha njia. Mmoja wao alinieleza baadaye, "Mwalimu, sisi tulijua huyu sasa anatoboa. Tulikuwa tunataniana nani atakuwa dereva wake."

Walikuwa wanakutazama ukifa, na walikuonea wivu.

Mimi sikuambiwa. Mama Kabula, mke wako, alimpigia simu baba mdogo, akamwambia husemi naye, na kwamba umetamka kuwa watoto wangekuwa afadhali bila wewe. Akajibiwa, "Mwanaume anayetafuta hasemi sana. Usimvurugie dawa." Neno zito namna ile, kaka. Ulilisema kwa sauti. Lilifika kwenye masikio ya mtu mzima, naye akaliita dawa.

Na wewe je? Namba yangu ulikuwa nayo. Ulinipigia jioni moja ukaniuliza kama bado naumwa jino. Tukaongea juu ya jino. Wewe uliyenifundisha baiskeli kwenye njia ya ng'ombe, ukikimbia nyuma yangu na kufoka, "Kanyaga, Minza, usitazame chini!" Wewe huyo huyo ukaulizia jino, ukaniaga, ukakata simu. Hapo ndipo ninapokukasirikia. Halafu nakumbuka niliyosoma, na niliyoelezwa hospitalini nilipokwenda kuuliza: kwamba mtu akifika pale ulipokuwa, mdomo unakuwa mzito, na hata mlango ulio wazi anauona ukuta. Ulikuwa mgonjwa. Naelewa. Lakini kuelewa hakujaniondolea hasira.

Sasa nikwambie kilichonifanya niandike. Ni Jilala, mdogo wetu. Alichukua nafasi yako duarani. Hakuna aliyemtuma, alisema hataki jina lako lifutike pale. Haikupita muda, Mama Kabula akanipigia nikiwa ofisi ya walimu. "Wifi, Jilala haogi. Kaniletea mashati yake yote, eti niwagawie watu. Huku wanasema masharti." Alikuwa analia kwa sauti, na nilimshukuru kwa kila chozi.

Nilipanda pikipiki nikiwa na vumbi la chaki mikononi. Kule wakanizuia: "Mwalimu, mwanamke asimsogelee sasa, utaharibu." Nikawaambia vilivyoharibika vinatosha. Nilimkuta nyuma ya karasha, ile mashine ya kusagia mawe, amekaa kwenye kelele kama hazisikii. Nikakaa chini karibu naye. Sikumwambia ajikaze. Sikumwambia amwonee mama huruma. Nilimwuliza kwa maneno yenyewe:

"Jilala, unafikiria kujiua?"

Nililelewa kama wewe, kwamba neno hilo ukilitaja unalikaribisha nyumbani. Halikukaribisha chochote. Mabega yalimshuka, akasema, "Ndiyo, dada. Kila siku." Kisha akauliza, "Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nimeuliza tu."

Labda kwako kuuliza kusingetosha. Sijui, na sitajua. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyejaribu.

Tuliondoka mchana ule ule kwenda hospitali, dereva mbele, Jilala katikati, mimi nyuma nimemshika kiuno. Daktari alimsikiliza bila kumwita mwoga. Sasa Jilala ana dawa za kumeza, na ana siku za kurudi kuzungumza. Anaishi kwangu Kahama. Mama Kabula amehamia kwangu pia na watoto, na tunapokezana ili asikae peke yake. Vitu vya hatari tumeviondoa, yeye mwenyewe akitusaidia kuvitoa. Usidhani amepona. Kuna siku hageuki kitandani. Juzi alinigombeza, "Dada, mpaka chooni utanifuata?" Nikamwambia nitasubiri nje, ila aimbe nimsikie. Akaimba kwa makusudi wimbo wa matusi wa wachimbaji, beti zote, mpaka jirani yangu mlokole akawaita watoto wake ndani. Nilicheka, kaka. Nikakuchukia kwa sababu hukuwepo kucheka.

Baba mdogo kapiga simu. "Mmeona? Nani alilia siku ile? Mmoja wenu alilia." Anataka kumbebesha mama lawama. Nilimwamkia kwanza, "Shikamoo, baba," akaitikia, kisha nikamwambia kwamba nililia mimi, na nitakuja kulia tena hapo hapo mlangoni kwa mama. Mwisho wa mwezi tunakwenda Kishapu, turubai nimeshalitafuta. Majirani wakiuliza, nitawaambia ulijiua. Nitawaambia ulikuwa mgonjwa nasi tukakuona mwenye bahati. Atakayeziba masikio na azibe. Mwingine huenda akarudi nyumbani akamtazama vizuri mwanawe aliyenyamaza.

Siwezi kukuahidi kwamba hasira hii itaisha. Nakuahidi kwamba Jilala nitamwuliza tena, kwa neno lile lile, hata akinichoka, hata akiniambia yu mzima.

Kwaheri, Mabula. Kesho ni siku yake ya hospitali. Anasema hataki kwenda.

Tutakwenda.

Dada yako,
Minza