Nani Ataninyoosha Mkono

Jumanne, 8 Julai 2025
Nachingwea, wodi ya wanawake. Kesho napasuliwa! Daktari bingwa amenikagua leo – mpole, lakini ana haraka. Kasema ngozi iliyoungua ndiyo imegandisha mkono wa kushoto ubavuni. Ataikata, kisha atabandika ngozi ya pajani. Nikamuuliza, nitajifunga khanga mwenyewe? Kasema nitajifunga, na ndoo nitatwika. Nimecheka kama mwehu.

Akauliza niliunguaje. Kifafa, niliangukia jikoni. Kwani hapakuwa na mtu? Walikuwepo. Rahimu mume wangu alikuwepo, na mama yake. Kwetu Mbekenyera wanaamini ukimgusa mwenye kifafa wakati povu linamtoka, na wewe unaupata. Basi walisubiri povu likauke. Mwisho Rahimu akanivuta kwa mpini wa jembe. Hilo la mpini sikumwambia daktari. Niliona aibu, na wala aibu si yangu!

Alhamisi, 10 Julai
Paja linauma kuliko kwapa. Siandiki.

Jumapili, 20 Julai
Wamefungua bendeji. Mkono unapanda! Mpaka usawa wa sikio, jamani. Nimelia mbele za watu. Sista Prisila wa mazoezi kanishika kwapani kwa vidole vyake, anapaka mafuta, anavuta pole pole. Tangu niungue sijashikwa hivyo.

Kasema nyumbani mtu anivute asubuhi na jioni, kwa miezi. Ngozi mpya hujikunja, ikiachwa mkono unarudi ulikotoka. Nikasema nitajivuta mwenyewe.
"Mwenyewe utajionea huruma. Mume yupo?"
Yupo, nikasema.

Ijumaa, 1 Agosti
Nyumbani. Rahimu kanipokea na bodaboda, kabeba mfuko wangu. Kunishika nipande – thubutu. Nimemwonesha mkono unavyoinuka. Kafurahi kweli, machozi yamemlengalenga. Nikamweleza ya Sista: kifafa hakiambukizi, vidonge nameza, na mkono unahitaji mtu. Akatazama chini. Mama mkwe akadakia kwamba jasho la kwapani ni ndugu na povu. Weee, mama huyu! Na mama yangu mzazi yuko Malolo, hajiwezi.

Jumatatu, 4 Agosti
Mkono haufiki tena sikioni. Unaishia begani. Najivuta kwa kushika fremu ya mlango, ikiuma naacha – Sista alijua. Naogopa. Mkono huu ukirudi ubavuni, nani atanipasua tena?

Asubuhi nimemwambia Rahimu wazi: usiponishika, umenichoma mara ya pili. Maneno makali, lakini nimechoka kuwa mpole. Akaenda kupulizia mikorosho salfa, ile dawa ya ukungu.

Karudi jioni hii. Kaoga. Kakaa mkekani nyuma yangu, kasema, "Haya, leta mkono." Nikafurahi, nikageuka. Kavaa glovu za salfa! Zile ndefu za shambani, mpaka viwikoni.
"Vua," nikamwambia.

Hajavua. Hajaondoka pia. Ananiambia taratibu kwamba hajui kufanya zaidi ya hapo, nisimlazimishe. Nimechukua daftari nisimtazame. Yeye amekaa tu, mikono ya mpira juu ya mapaja, ananisubiri. Kwapa linavuta. Sijui nimpe, sijui nisimpe.