Palahala na Kiwavi wa Ndani ya Jani

Mjukuu wangu Zuhura,

Huku Lionja tu wazima, ila goti la babu yako bado linasumbua. Mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kike, na ufuta umekubali.

Umeniuliza umchunguze yupi huko chuoni: palahala, ambaye huku kwetu anakaribia kutoweka, au nondo mdogo ambaye kiwavi wake huchimba njia ndani ya majani ya mikorosho.

Nikiwa msichana, tulikuwa tunapalilia mikorosho, palahala akatokeza pembeni mwa shamba, swala mkubwa mweusi mwenye pembe ndefu zilizopinda nyuma. Tukaweka majembe chini. Baba akanong'ona, "Mtazameni vizuri, hawa wanakwisha."

Bibi yangu peke yake hakugeuka. Alishika jani changa la mkorosho lenye michirizi myeupe. Baba alidhani ni ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, na alishaandaa dawa ya salfa. Bibi akaliinua jani juani, tukaona kiwavi akijongea ndani yake.

"Na huyu akiisha, nani atajua?" akauliza.

"Huyo aishe hata leo!" baba akajibu, tukacheka sana.

Wiki iliyopita mjomba wako aliona nyayo za palahala na mtoto wake kule mtoni, na kijiji kizima hakina habari nyingine. Palahala ana watu wengi wa kumsubiri, mjukuu wangu. Yule wa kwenye jani, tangu siku ile, hakuna aliyemuulizia mpaka ulipouliza wewe.

Nimekukaushia majani yake ndani ya gazeti. Njoo uyachukue.

Bibi yako,
Somoe