Baba Yangu Ndani ya Wimbo Wangu

Alhamisi, baada ya alasiri. Mvua ya asubuhi imekatika, uchochoro bado una tope na punda wa jirani amegoma kupita. Mimi nimekaa kitandani, macho yamevimba, moyo mwepesi. Tangu jana nilikuwa sijala kitu cha maana. Sasa hivi nimemaliza mikate mitatu ya mofa peke yangu.

Acha nieleze nilivyojiponza.

Baba ni mwadhini wa msikiti wa mtaani kwetu hapa kisiwani Amu. Nyumbani kwetu muziki ni kasida na matari ya maulidi, basi. Gitaa hajawahi kunikataza, kwa sababu hakujua kama ninalo. Nililinunua kwa pesa za kupaka maharusi hina, nikalificha nyuma ya kabati, na nyimbo zangu nikawa naziweka mtandaoni kwa jina la Binti Kisiwa, bila picha. Nilizoea kujiambia kwamba ni haya. Ukweli ni woga.

Nafasi ya kurekodi huipata mara moja tu kwa siku, baba akishatoka kwenda kufungua msikiti kwa sala ya alasiri. Hapo nina kama nusu saa. Naziba dirisha kwa godoro, naweka simu juu ya mto, naimba. Adhana ikianza huwa nazima kila kitu, kama tulivyokuwa tukizima redio tangu nikiwa mdogo.

Jumatatu sikuzima.

Nilikuwa naimba wimbo wa kumsuta rafiki yangu aliyeolewa Matondoni. Ni mwendo mfupi tu kwa punda, lakini yeye tangu harusi hajaja hata kunisalimu. Kwenye ubeti wa mwisho sauti ilinikatika kidogo, na kukatika kule kukawa kuzuri kuliko nilivyopanga. Nikausikiliza mara mbili, nikaupandisha mtandaoni. Sauti ya baba ilikuwemo nyuma ya gitaa, ndogo lakini safi, na mimi sikuisikia. Naisikia mara tano kwa siku tangu nizaliwe. Masikio yangu yalishaacha kuihesabu.

Watu waliupenda kuliko wimbo wangu wowote. Kwa siku mbili nilitembea nikicheka peke yangu. Jana asubuhi shangazi yangu wa Kizingitini akautuma kwenye kundi la ukoo, ambamo baba hayumo, na maneno yake yakanitoa jasho. Alisema binti huyu hamjui, lakini anayeadhini nyuma ya gitaa ni ndugu yake yeye mwenyewe kabisa, na anataka kujua ni nani aliyethubutu kupiga gitaa juu ya adhana.

Ndugu yake ni baba. Alimtambua yeye, mimi hakunitambua.

Niliufuta wimbo papo hapo. Haikusaidia, ulikuwa umeshafika kwenye simu za watu. Gitaa kupigwa marufuku ningevumilia. Kilichonitesa ni kwamba sauti anayoitunza kwa ajili ya Mungu nimeitia kwenye mzaha wangu wa Matondoni, na watu wangedhani ameridhia. Wazee wa msikiti wangeweza kumwambia asiadhini tena. Baba bila adhana sijui angekuwa nani.

Leo baada ya chakula cha mchana nikamwendea. Nilimwambia yote, toka godoro la dirishani mpaka jina la uongo, nikiwa nimeinamia miguu yake. Akaomba kuusikia. Aliusikiliza hadi mwisho. Sauti yake ilipoingia akafumba macho.

"Hapa ungenyamaa," akasema.

Nikalia. Akaningoja nimalize. Kisha akaniambia waziwazi kwamba gitaa halipendi na hatalipenda, ila hawezi kumfunga mdomo mtu anayeimba vizuri. Akampigia imamu mbele yangu, akamweleza kuwa kosa limetokea nyumbani kwake, halikukusudiwa, na limeshaondolewa. Imamu alimuuliza tu kama alasiri ya leo ataadhini. Baba akajibu kwamba ataadhini.

Jamani, nilipumua.

"Nenda kauimbe upya, mwanangu," akaniambia. "Adhana ikianza, nyamaa. Ikisha, endelea."

Akiwa mlangoni anavaa viatu, akauliza huyo Binti Kisiwa ni nani. Nikamwambia ni mimi. Akauliza kama binti huyo baba yake hana jina.

Alasiri nimekaa kimya mpaka neno la mwisho la adhana. Nimeswali, kisha nikalitoa gitaa bila kuziba dirisha. Ubeti wa mwisho haukukatika pazuri kama Jumatatu, lakini nimeuacha hivyo hivyo. Nimeupandisha sasa hivi. Panapoandikwa jina la mwimbaji nimeandika Rukia binti Athman.